Wadudu Kichwani

Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi, Ishiara, Kaunti ya Embu



Kiswahili kina maneno mengi ya kumpima mtu akili, na mengi kati ya hayo mnayatumia hapa Ishiara kila siku bila kufungua kamusi. Mtoto anayeelewa haraka ni mwepesi, kichwa chake kinashika, ana bongo, ni mkali kama wembe. Tanzania wenzake darasani watamwita kipanga. Asiyeelewa ni mzito, ni kichwa maji, ni bongolala. Anayesahau kila anachotumwa ni kichwa panzi. Halafu yuko yule wa katikati, ambaye si mjinga wala si mgonjwa, ila ana mambo yake. Huyo husemwa ana vituko, ana wazimu kidogo, akili hazimtoshi, nati zimelegea, waya zimegusana, fyuzi imeungua. Vijana wameongeza lao kutoka kwenye simu: aliyezubaa ni mteja, hapatikani kwa sasa.

Nimeombwa nizungumzie misemo hii pamoja na ya Waingereza, kwa kuwa watoto wetu hufundishwa yote na hutahiniwa yote. Nitafanya hivyo. Lakini nimekuja na dai moja ambalo nataka mlipime. Katika nchi hii, lugha ya kumwita mtu kichaa imefanya maovu mawili kwa wakati mmoja: imewanyamazisha watu walioona mbali kuliko wenzao, na imewageuza kichekesho watu waliokuwa wagonjwa na waliohitaji daktari. Wa kwanza walikuwa wazima wakaitwa wagonjwa. Wa pili walikuwa wagonjwa wakaitwa vituko. Nitawataja baadhi yao kwa majina, na mahali, na miaka.

Tuanze na Waingereza. Mtu ambaye akili hazimtoshi wao husema shilingi yake haijatimia. Sisi ambao tumehesabu senti 100 kwa shilingi tangu mwaka 1921 tunaelewa bila mkalimani. Husema pia kwamba taa zinawaka lakini mwenye nyumba hayumo. Kwamba lifti yake haifiki ghorofa ya juu. Kwamba ameenda mandari na mikate pungufu. Kwamba mnara wa kanisa lake una popo. Kwamba ana nyuki ndani ya kofia. Ukiyapanga maneno haya utaona kwamba mengi yanahesabu kilichopungua. Kiswahili hufanya vivyo hivyo. Punguani ni mtu aliyepungukiwa, hamnazo ni mtu ambaye akili ukizitafuta hamna, na hazimtoshi haina haja ya kuelezwa. Kwa upande wa werevu, lugha zote mbili hukimbilia makali: sisi wembe, wao kisu au ncha ya msumari. Na asiye na makali, kote kuwili, ni butu.

Kuna msemo mmoja wa Kiingereza ambao mimi nauona mzito kuliko yote. Mtu mwenye wazimu, wao husema, ana wazimu kama mtengeneza kofia. Wanafunzi huukuta wanaposoma habari za Alice, kitabu cha Lewis Carroll kilichochapishwa mwaka 1865, ambamo mtengeneza kofia huandaa chai isiyokwisha na kusema maneno yasiyoungana. Watoto hucheka. Lakini viwandani Uingereza, Ufaransa na Marekani, manyoya ya sungura na ya wanyama wengine yalilainishwa kwa dawa yenye zebaki ili yashikane yawe kitambaa cha kofia. Wafanyakazi waliuvuta mvuke wake mwaka baada ya mwaka katika vyumba visivyo na hewa. Mikono ilitetemeka, meno yakang'oka, ulimi ukawa mzito. Mtu aliyekuwa mchangamfu akawa mwenye haya kupita kiasi, kisha ghafla akawaka hasira. Marekani iliendelea kutumia zebaki katika kazi hiyo hadi mwaka 1941. Asili ya msemo wenyewe hubishaniwa na wataalamu, lakini ugonjwa haubishaniwi. Watu waliwacheka vibarua waliolishwa sumu kazini, wakadhani wanacheka tabia.

Basi swali langu kwenu, na nitalirudia baadaye: misemo yetu sisi inamficha mgonjwa gani?

Kabla ya hapo, nikisifu Kiswahili pale kinapostahili sifa. Kiingereza cha kila siku huupenda werevu bila kuuliza unafanya kazi gani. Kiswahili huuliza. Mwerevu si sawa na mjanja, mjanja si sawa na msomi, na msomi si lazima awe na busara. Msimu wa ndengu unapofika, broka anayenunua kwa gorogoro iliyotanuliwa kisha akauza kwa gorogoro iliyobonyezwa tako haitwi mwenye akili hapa sokoni. Huitwa mjanja, na neno hilo hubeba lawama ndani yake. Wahenga walishasema kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Wakasema pia kwamba mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, na mkulima wa Mbeere aliyejinunulia mizani yake mwenyewe anaijua maana ya methali hiyo kuliko profesa yeyote.

Fasihi yetu nayo imemtunza mtu mmoja ambaye ni mwerevu na kituko kwa pamoja, naye ni Abunuwasi. Alikuwapo mtu wa kweli mwenye jina hilo, mshairi wa Baghdad katika enzi za Harun al-Rashid, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Hadithi zikamchukua, zikavuka bahari, zikamfanya mtu wa pwani yetu. Mnamjua. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria juu yake, anasema imezaa. Jirani anapokea kwa furaha. Siku nyingine anaazima kubwa zaidi, harudishi, anasema imekufa. Jirani anapiga kelele kwamba sufuria haifi, naye Abunuwasi anamuuliza kwa nini alikubali kwamba inazaa. Mtu huyu angeishi leo katika kijiji chochote kati ya hapa na Siakago, angeitwa mwenye wazimu asubuhi na mwenye akili jioni. Wasimulizi waliotutangulia waliona kwamba anayesema lisilosemwa huonekana kichaa mpaka hoja yake ieleweke. Walimpa nafasi aimalize hoja. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye, katika siasa na katika hospitali, tulikataa kulifanya.

Nisikilizeni sasa kwa makini, maana hapa ndipo penye uzito.

Kuna usemi unaotajwa sana kwa jina la Rais Ali Hassan Mwinyi wa Tanzania. Aliifananisha timu ya taifa ya soka na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila mtu hujifunzia kunyoa. Tanzania nzima ilicheka, na usemi umebaki hadi leo. Timu ikifungwa, hutajwa. Usemi umekaa vizuri kabisa kama lugha. Lakini uangalieni unasimama juu ya nani. Unasimama juu ya mtu ambaye hawezi kusema, "Kinyozi, umenikata." Na mambo hayo yalitokea kweli, kwa vichwa vya watu halisi, Nairobi.

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wendawazimu Nairobi, mahali palipokuwa pametumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikapewa jina la Hospitali ya Mathari. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari aliyeitwa J. C. Carothers. Alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alijifunzia pale pale, juu ya vichwa vya Waafrika waliofungiwa mle. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, katika uzima na katika ugonjwa. Ndani yake Carothers alidai kwamba Mwafrika wa kawaida, mzima, anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hakuwa anazungumza juu ya wagonjwa tu. Alikuwa anazungumza juu ya bibi yako na babu yako.

Hakuishia hapo. Mwaka 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, mchapaji wa serikali Nairobi alitoa kijitabu chake kingine, kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu wa Embu na Meru waliwekwa kundi moja na Wakikuyu katika amri za wakati ule, wakachunguzwa, wakahamishiwa vijiji vilivyozungushiwa ua, wakafungwa kambini. Wapiganaji walisema wanachotaka: ardhi na uhuru. Carothers akasema chanzo ni msukosuko wa nafsi za watu waliotoka katika mila zao bila kufika kwingine. Dai la ardhi likageuzwa dalili ya ugonjwa. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, alimjibu kwa ukali mwaka 1961. Sisi wa huku hatujamjibu vya kutosha. Nadhani kila mwanafunzi wa Embu anapaswa kulijua jina la Carothers, kama anavyolijua la Dedan Kimathi.

Kabla ya Mau Mau alikuwapo Elijah Masinde wa Bungoma. Alikuwa mwanasoka hodari aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, kisha akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Alikataa watu wake kuandikishwa kazi za lazima wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasema wageni warudi kwao na ardhi irudi kwa wenyewe. Mwaka 1945 alipelekwa Mathari, akakaa mle hadi mwaka 1947. Sitasema kila alichohubiri kilikuwa cha busara. Alikuwa mtu mgumu, na serikali za baada ya uhuru nazo zilimtia jela. Lakini wazo kwamba ardhi ya Waafrika ni ya Waafrika halikuwa ugonjwa. Mwaka 1963 likawa serikali.

Baada ya wapiganaji wa Mau Mau na Masinde, wa tatu ni Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Maathai aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, akauliza kwa nini wananchi wanyang'anywe mahali pa kupumzikia, na kwa nini nchi yenye madeni ikope mamilioni ya dola kujenga mnara. Bungeni wabunge waliwabeza yeye na wenzake, wakawaita kundi la wanawake walioachwa na waume. Tarehe 12 Desemba mwaka huo, Sikukuu ya Jamhuri, Rais Daniel arap Moi alisema hadharani kwamba wanaolipinga jumba hilo wana wadudu vichwani.

Wadudu vichwani. Mwingereza ana nyuki ndani ya kofia, akimaanisha mtu mwenye wazo moja asiloliacha. Sisi tukapewa wadudu. Nimeliweka neno hilo juu ya mhadhara huu kwa makusudi, kwa sababu sijaona mfano mwingine uliorekodiwa vizuri hivi wa msemo mdogo wa mtaani kubebwa na mkono mkubwa wa dola. Hakuna aliyejibu hesabu za Maathai juu ya mkopo. Hakuna aliyejibu hoja yake juu ya bustani. Ilitosha kusema ana wadudu. Wafadhili walijiondoa, na mwaka 1992 uzio uliokuwa umezungushiwa kiwanja ukabomolewa. Bustani ipo hadi leo, na kona yake moja huitwa Kona ya Uhuru. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Naona baadhi ya vijana wanatabasamu, na mna haki ya kufurahi. Lakini jueni kwamba si kila mwenye kituko ni Maathai. Wako watu wenye mawazo ya ajabu ambayo ni ya ajabu tu, na tunaishi nao vizuri, na kijiji hunoga kwa sababu yao. Mzee anayezungumza na mbuzi wake njiani kana kwamba ni wajukuu, mwalimu anayevaa koti zito katika jua hili la Ishiara, kijana anayekusanya redio mbovu: waacheni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kwa watu wa namna hii misemo yetu ya nati na waya haina ubaya, maana wao wenyewe hucheka nasi. Ninachokataa ni msemo kutumika mahali pa jibu, na msemo kutumika mahali pa matibabu.

Nafika hapo penye matibabu, na narudi kwenye swali nililowaachia.

Mtoto aliyeitwa kichwa maji darasani huenda hasikii. Sikio lililovuja usaha utotoni bila kutibiwa hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana mzito kila anapoulizwa swali. Mwingine hauoni ubao. Mwingine alinusurika malaria iliyopanda kichwani; utafiti wa miaka mingi uliofanywa Kilifi umeonyesha kwamba sehemu ya watoto wanaopona ugonjwa huo hubaki na matatizo ya kujifunza, ya usemi, au kifafa. Huku chini karibu na Mto Thuci, ambako mbu hawatuachi kama wanavyowaacha ndugu zetu wa juu miteremkoni mwa Mlima Kenya, mwalimu anapaswa kulikumbuka jambo hilo kabla hajafungua mdomo. Na mtoto anayekodoa macho na kunyamaza kwa sekunde kadhaa, kisha akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, huenda ana aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Wenzake husema ni mteja. Kumbe ni mgonjwa, na dawa ipo.

Siwezi kuzungumza huku Mbeere nikaiacha muguka, majani ya kutafuna ambayo wakulima wetu huyauza. Najua imesomesha watoto wa watu waliokaa hapa, na najua uchungu mlioupata Mei 2024, Gavana wa Mombasa alipoipiga marufuku na wa Kilifi akafuata, na mahakama hapa Embu ikaingilia kati. Wakati ule yalisemwa maneno ya kuwatukana wakulima wetu, nami niliyachukia. Lakini ukweli hauna budi kusemwa na sisi wenyewe. Majani yale yana kathinoni, kemikali inayofanana na amfetamini kwa utendaji wake. Mtafunaji huchangamka, husema mengi, hukesha. Kijana anayetafuna usiku kucha, siku nyingi mfululizo, akakosa usingizi na chakula, anaweza kuanza kusikia sauti na kuwashuku ndugu zake. Wenzake huwa wa kwanza kucheka na kusema amedata. Wakishacheka hawaoni tena haja ya kumpeleka popote, na anapopelekwa mwaka umepita.

Kicheko hicho kina mizizi ya kale. London iko hospitali ya Bethlem, iliyoanzishwa mwaka 1247. Katika karne ya 18 watu waliingia kuwatazama wagonjwa kama wanavyotazama maonyesho, na jina la hospitali hiyo, katika midomo ya wenyeji, likawa neno la kawaida la Kiingereza la vurugu na kelele. Sisi tumefanya hivyo hivyo. Mkenya akitaka kukutusi husema wewe ni wa Mathare, yaani hospitali ileile ya Mathari. Mtanzania hukupeleka Mirembe, Dodoma. Mzanzibari hukupeleka Kidongo Chekundu, na Mganda Butabika. Hospitali nne, za watu wanne wanaopakana, na zote tumezifanya matusi. Nani basi atampeleka mwanawe mahali ambapo jina lake ni tusi? Hapa ndipo lugha inapoua. Mzazi hupitia kwa mganga, kwa nabii, kwa maombi ya mkesha, na wengine humfunga mgonjwa kwa kamba nyuma ya nyumba, ili tu jirani asiseme, "Mtoto wao alipelekwa Mathare."

Katiba yetu ya mwaka 2010 imelisema jambo hili waziwazi kuliko wengi wanavyofahamu. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na pia haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Na Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 260, inahesabu hali ya akili na ya nafsi ndani ya maana ya ulemavu. Yaani kumwita jirani punguani si suala la adabu peke yake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na marekebisho hayo yanazitaka kaunti kuipeleka huduma hii karibu na wananchi badala ya kuiacha Nairobi. Sheria imeshatangulia. Midomo yetu imebaki nyuma.

Nawaomba mambo haya, nami nayasema kwa kila mmoja na nafasi yake. Mwalimu, endelea kufundisha nahau. Zifundishe kwa furaha, maana ni utajiri. Ila kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mzito, mwite mzazi wake, wote wawili mhakikishe macho na masikio yake yamepimwa. Mwanasiasa ukisimama jukwaani hapa, na mtu akakuuliza kuhusu maji, barabara au bajeti, mjibu swali. Usimwambie ana wadudu. Mama mwenye kijana ambaye hajalala siku kadhaa na anazungumza na asiyeonekana, mpeleke hospitali wiki hii, na ukiulizwa njiani unakompeleka, taja hospitali kwa jina lake kwa sauti ileile ambayo ungetumia kama angekuwa amevunjika mguu.